Wimbo wa Watu Wasiopendana

Watu wanaotusikia tukipiga hudhani mimi na mwimbaji wetu ni marafiki tangu utotoni. Wengine huuliza kama tumenyonya ziwa moja. Naomba niliseme hili mapema ili lisinisumbue huko mbele: sikumpenda siku ya kwanza, yeye naye hakunipenda, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Tulikutana kwenye harusi Mbeya mjini. Nilikuwa napiga gita la besi na kikundi cha kukodi, wanaume watupu isipokuwa mimi, na walikuwa wamenisimamisha mbele kabisa, karibu na keki, ili nionekane. Yeye alikuja kama msusi wa bibi harusi. Wakati wa chakula MC akaomba mgeni yeyote mwenye kipaji apande kuimba. Akapanda yeye, vibanio vya nywele bado vimebanwa kwenye kola ya gauni lake. Aliimba vizuri, hilo silikatai. Sauti yake ni nene na ina mkwaruzo mwishoni, kama mlango wa mbao unaoburuzwa sakafuni. Alipomaliza hakwenda kwa mpiga solo wala kwa mpiga kinanda. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Wewe dada," akasema, "mbona unapiga kama unaogopa kumwamsha mtoto?"

"Na wewe mbona unaimba kama unagombana na muuza nyanya?"

Hakucheka. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, kisha akaniomba namba ya simu. Nilimpa kwa sababu nilikuwa nimechoka kusimamishwa karibu na keki.

Mimi ni mtoto wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Besi nilijifunzia kwenye kwaya ya vijana ya usharika wetu. Mpiga besi alikuwa amekwenda Dar kutafuta maisha, na mwalimu wa kwaya akanipa gita lile kwa kukosa mtu mwingine. Hakunifundisha. Nilikaa nalo nyumbani, nikawa nasikiliza redio ya mama na kutafuta kwa vidole kile nilichokuwa nakisikia chini ya sauti za watu. Nilipiga Pasaka, nikapiga Krismasi, nikapiga kwenye mashindano ya kwaya na tukarudi na zawadi. Halafu yule kijana akarudi kutoka Dar, maisha hayakumkubali. Mwalimu wa kwaya alinivua gita katikati ya mazoezi, mbele ya wote, akamvisha yeye.

"Wewe rudi sauti ya pili," akaniambia. "Asante kwa kutushikia."

Kutushikia. Kama vile nilikuwa nimeshika mwavuli wa mtu aliyekwenda chooni.

Sikurudi sauti ya pili. Nilihamia Mbeya, nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi, kutoa fotokopi na kufunga ripoti za wanafunzi wa vyuo, na kidogo kidogo nikanunua besi yangu mwenyewe, nyekundu, iliyochubuka mgongoni. Kila nilipoishika nilikuwa namfikiria mwalimu yule. Watu husema muziki unatoka kwenye furaha. Wangu ulitoka kwenye hasira ile.

Baada ya harusi ile mwimbaji alinipigia, tukakubaliana kujaribu bendi yetu wenyewe. Mtu wetu wa tatu, mpiga drams, tulimkuta kwenye kanisa la walokole lililokuwa likisali ndani ya turubai, Uyole. Ni binti mrefu, mkimya, wa familia ya wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa wakahamia bonde la Usangu enzi za babu yake. Kwao ni ndani kidogo ukitokea Igawa. Alikuwa akisomea ualimu. Wapiga drams wengi hupiga kwa kujionyesha, mikono juu, vijiti vinazungushwa hewani. Yeye alipiga kama mtu anayetwanga mahindi na ana kazi nyingine ikimsubiri. Hakuwa anakosea. Mwimbaji alimfuata baada ya ibada akamwambia tunaanzisha bendi ya wanawake watupu, hatuna meneja, hatuna lebo, hatutaki kuwa chini ya mtu. Binti akauliza swali moja tu: mazoezi yanaisha saa ngapi.

Mama mdogo wa mwimbaji alikuwa na ghala la viazi pale pale Uyole, na akaturuhusu kufanyia mazoezi humo jioni baada ya wachuuzi kuondoka. Magunia yalikuwa yamepangwa kila upande mpaka karibu na bati. Viazi humeza sauti, jambo ambalo sikulijua. Ukipiga humo kila kitu kinatoka kikavu, kifupi, hakuna mwangwi, na harufu ya udongo inakuingia puani mpaka unaifikisha nyumbani kwenye nguo. Tulikaa katikati ya magunia yale, kila mmoja kwenye kona yake, na hatukuelewana.

Yeye alitaka watu wacheze. Kila wimbo alioleta alikuwa ameshausikia redioni kichwani mwake, una makofi, una kiitikio cha kurukaruka. Mimi nilitaka nafasi kati ya noti na noti, nilitaka mtu asikilize ajiulize kinachofuata. "Hayo ya kujiuliza watu wanayo majumbani kwao," aliniambia. "Wakija kwetu wanataka kusahau." Nikamwambia anaimba kwa mapafu tu, kichwa amekiacha saluni. Akaniambia besi yangu inaomboleza mtu ambaye hajafa. Ilikuwa ni hivyo kila jioni. Tulikuwa tunapiga nyimbo tatu kwa wakati mmoja, kila mtu wa kwake, na mpiga drams akiangalia nje kuona kama jua limezama.

Wimbo mmoja ulisimama hata hivyo. Ulikuwa wa mapenzi: mwanamke anamwambia mtu wake kwamba atamngoja, akichelewa atamngoja, akisahau atamngoja. Maneno yalikuwa ya mwimbaji, mwendo wa muziki ulikuwa wangu. Mama mdogo wake aliusikia akasema unafaa kurekodiwa, na ndipo akatokea prodyuza.

Alikuwa na studio Mwanjelwa, kijana mwenye sauti ya chini na adabu nyingi, kila mwanamke alimwita mama. Alitukaribisha kwa soda na kutufutia viti vumbi. Hakuna mtu aliyewahi kunidharau kwa upole namna ile. Alimweka mwimbaji kwenye maiki, akamrekodi ubeti kwa ubeti, akamsifia. Zamu yangu ilipofika nilifungua mfuko wa gita, naye akanyoosha kiganja kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

"Usijisumbue mama. Besi ninayo humu." Akagonga kompyuta kwa ukucha. "Drams pia ninazo. Nyie ni warembo, gita mtashika kwenye video."

Mpiga drams alikunywa soda yake. Mimi nilimtazama mwimbaji. Wimbo ulikuwa wa kwetu sote, na yeye ndiye aliyekuwa na maiki mdomoni wakati ule, neno moja lake lingetosha. Alirekebisha hedifoni masikioni.

"Turudie ubeti wa pili," akamwambia prodyuza.

Nilifunga mfuko wa gita nikatoka, nikasimama nje kwenye vumbi la Mwanjelwa, nimezungukwa na watu wanaouza mitumba na kupaza sauti, na nakumbuka nilitamani kumpiga mtu kibao, yeyote.

Wimbo ulitoka. Redio moja ya hapa Mbeya ikaanza kuuweka mchana, na siku niliyousikia nilikuwa dukani natoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mteja. Mteja akaanza kutikisa mabega. Ulikuwa wimbo wetu wa ghalani, lakini sisi hatukuwemo. Badala ya drams kulikuwa na makofi ya mashine, badala ya besi kulikuwa na kitu kinachogonga kama moyo wa mtu aliyekunywa kahawa nyingi. Kilichonishangaza ni kwamba hata yeye hakuwemo. Ule mkwaruzo wa sauti yake ulikuwa umepigwa pasi. Alisikika kama msichana yeyote.

Nilifunga duka wakati wa chakula nikaenda saluni kwake, mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya. Alikuwa anamsuka mama mmoja, wengine wawili wanasubiri zamu, redio iko juu ya friji. Nilijua nitasema mbele za watu na sikujali.

"Umetuuza," nikasema.

"Nimetutoa ghalani," akajibu bila kuinua kichwa. "Ulitaka tuzeekee kwenye viazi?"

"Sikia hiyo sauti. Hiyo ni yako?"

"Wateja wangu wanaipenda."

"Wateja wako wanaogopa ukiudhika utawakaza nywele."

Mama aliyekuwa anasukwa alishusha macho. Mwimbaji aliachia nywele, akanigeukia, kitana kiko mkononi. "Nikwambie kitu dada yangu. Bila sauti yangu, wewe ni mtu wa fotokopi. Utabaki pale unabonyeza kidude mpaka uote mvi."

"Na bila kompyuta ya yule kijana, wewe ni msusi anayeimba."

"Basi toka kwenye saluni ya msusi."

Nilitoka. Sijutii nilichosema, na najua yeye pia hajutii, kwa sababu amewahi kuniambia tena maneno yale yale baadaye, akiwa ametulia kabisa.

Bendi ingekufia hapo kama si mpiga drams. Kabla ya mambo haya tulikuwa tumepiga kwenye mahafali ya chuo chake, na mtu mwenye ukumbi mdogo Iringa mjini alikuwa ametusikia, akatualika kwenye alasiri ya wanamuziki wanawake. Mpiga drams alikuja dukani kwangu, halafu akaenda saluni, na kote alisema maneno yale yale, kama karani anayesoma tangazo.

"Nimeshawaambia kaka zangu kwamba nakwenda Iringa. Tutakwenda. Tukirudi kila mtu ashike njia yake. Mazoezi ni kesho."

"Sitaki kumwona," nikamwambia.

"Angalia ukuta. Mimi nimechunga ng'ombe wanaopigana, nyie hamnishindi."

Kwa hiyo tukarudi ghalani. Tulipofungua mlango tulikuta viazi vimeuzwa. Ghala lilikuwa tupu, sakafu na bati tu, na magunia matupu yamerundikwa kwenye kona. Mpiga drams alipogonga mara ya kwanza mlio ulizunguka kuta nne ukaturudia usoni. Hatukumaliza hata ubeti mmoja. Jirani alikuja mlangoni, mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni, akasema viazi vilikuwa na adabu kuliko sisi, na kwamba tukipiga tena hivyo anamwita mwenyekiti wa mtaa. Mpiga drams hakubishana. Alichukua magunia matupu akayatandika juu ya drams zote, akaweka vijiti chini, akaanza kupiga kwa viganja. Ikawa inasikika kama mtu anayetembea kwenye chumba cha pili.

Mimi nilipunguza sauti ya spika. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na hasira, nikaamua kwamba sitambeba. Kawaida besi hutangulia kidogo, humwonyesha mwimbaji pa kukanyaga. Siku ile nilipiga noti mbili, nikaacha. Nikamwachia uwazi wote ule ajaze mwenyewe. Kisha noti mbili nyingine, nikaacha. Sikuwa natafuta usanii wowote. Nilitaka ajue inavyokuwa mtu akikuacha peke yako hadharani.

Alielewa mara moja. Mtu anayekuchukia anakuelewa haraka sana. Alikwenda akaketi juu ya mzani wa kupimia viazi, akatugeuzia mgongo, akakataa kuimba. Yaani, aliyatoa maneno, maana mpiga drams alikuwa ameshamwambia hatutoki mpaka wimbo uishe, lakini aliyatoa kwa sauti ya chini, meno yamekaribiana, kama mama anayemkanya mtoto mbele ya wageni. Nitakungoja. Ukichelewa nitakungoja. Hakuvuta neno, hakupamba. Pale alipotakiwa kuingia alichelewa makusudi, akanifanya nimsubiri yeye. Nami nikazidi kuchelewa. Tulikuwa tunakomoana, noti kwa noti, na katikati yetu viganja vya yule binti vinatembea juu ya magunia, haviongezi mwendo wala havipunguzi.

Redioni wimbo ule ulikuwa ahadi. Pale ghalani ulikuwa tishio. Mwanamke yule hakuwa anangoja kwa sababu anapenda, alikuwa anangoja kwa sababu siku mtu huyo atakaporudi atamkuta pale mlangoni na atajibu.

Tulipomaliza vinyweleo vilikuwa vimenisimama mikononi, na niliudhika kwamba vimesimama.

Mpiga drams aliinama akachukua simu yake sakafuni. Alikuwa ameturekodi ili, alivyosema, atuonyeshe tulivyo wajinga. Akaweka. Tulisikiliza tukiwa tumesimama mbali mbali, hakuna anayemtazama mwenzake. Wimbo uliisha, tukasikia kwenye simu mzani ukilia mwimbaji alipoinuka.

"Ni mbaya," akasema mwimbaji.

Mpiga drams akaanza kuirudisha simu mfukoni, naye akamzuia.

"Weka tena."

Ikawekwa tena. Nikasema, "Pale kwenye mstari wa tatu umechelewa."

"Nimechelewa makusudi."

"Najua. Uchelewe hivyo hivyo."

Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kumpa, na aliipokea kwa kukunja mdomo.

Watu hudhani kwamba bendi ikishapata sauti yake, imepata. Kesho yake mwimbaji alikuja amechangamka, ameleta maandazi, na mimi nilikuwa nimelala vizuri. Tukapiga wimbo ule ule, magunia yale yale, na ukafa mikononi mwetu. Ulikuwa wa kistaarabu. Alijaribu kunong'ona akasikika anaigiza. Nilijaribu kuacha uwazi ikawa kama nimesahau noti. Tukaudhika, na tulipoudhika ukafufuka kidogo, na ndipo mpiga drams akasema hawezi kuja kila siku kungoja tutukanane kwanza. Ikabidi tujifunze kwa akili kile tulichokifanya kwa chuki. Tukapima ukimya. Tukakubaliana, yeye atachelewa kiasi gani, mimi nitaacha wapi, nani atamwangalia nani. Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko yoyote niliyowahi kufanya, kwa sababu ilinibidi nimsikilize, nisikilize hata anavyovuta pumzi, na mtu usiyempenda kumsikiliza hivyo ni mateso. Yeye pia alikuwa anateseka. Niliiona mishipa ya shingo yake ilivyokaza.

Iringa tulifikia kwetu Kalenga. Nilikuwa nimemwonya mama kwenye simu kwamba mmoja wa wageni ni mtu wa maneno. Mama alitupokea uani kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene," na mwimbaji akapiga goti kidogo akaitikia "Kamwene" kwa lafudhi safi ya pale, maana ana wateja Wahehe saluni. Basi mama akawa wake. Jioni ile waliketi jikoni wakichambua maharage, wanacheka, nami nikaachiwa kuteka maji. Niliporudi na ndoo nilimsikia mama akisimulia.

"Huyu gita lake walimnyang'anya kanisani. Akalia hapo ulipokaa wewe. Nikimuuliza, ananiambia ni moshi wa kuni."

Nilitua ndoo kwa kishindo. "Mama, habari hiyo inamhusu nini mgeni?"

"Si mwenzio huyu?"

"Siyo mwenzangu. Tunafanya kazi pamoja."

Mwimbaji alinitazama. Nilingoja aseme kitu, maana silaha nzuri namna ile hakuwahi kupewa. Aliinamisha kichwa akaendelea na maharage, na sikulala vizuri kwa kufikiria lini ataitumia.

Ukumbini fundi mitambo, bwana mmoja aliyevaa nyaya shingoni, alimuuliza mpiga drams wapigaji wetu watafika saa ngapi. Binti alikuwa ameshakaa kwenye drams, anarekebisha kiti.

"Wamefika," akasema.

Fundi akatazama huku na huku. Kisha akatuuliza flashi yetu yenye muziki iko wapi. Alipoona magunia yanatandikwa juu ya drams aliacha kuuliza, akaenda kukaa kwenye meza yake amekunja mikono, na kila nilipomwomba aongeze besi aligusa kitufe bila kukizungusha. Nilimwona.

Watu walikuwepo, si haba. Wengi walikuwa wamekuja kwa sababu ya ule wimbo wa redioni, ambao ulikuwa umeshafika Iringa. Na nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, nikawaona vijana wa kwaya yangu ya zamani, na katikati yao mwalimu wa kwaya, koti limefungwa vifungo vyote. Mama ndiye aliyewaalika. Aliniambia baadaye alidhani nitafurahi.

Tulipopanda, kijana mmoja akapaza sauti. "Wekeni ile ya redioni."

"Ndiyo hii," mwimbaji akamjibu, na tukaanza.

Sijui niseme nini kuhusu zile dakika. Nilimpigia mwalimu yule. Kila nilipoacha uwazi nilikuwa namtazama yeye, nikimwambia: haya, shikilia. Mwimbaji alisimama bila kutikisika, mikono nyuma, akayatoa maneno yale kama mtu anayesoma hukumu. Mwanzoni palikuwa na vicheko. Msichana mmoja akauliza kwa sauti kama kuna msiba. Wanawake wawili wenye vitenge vya sare waliinuka wakatoka, na viatu vyao vikasikika mpaka mlangoni kwa sababu muziki wetu haukuwa na pa kuvifichia. Halafu vicheko vikakatika. Sijui vilikatikia mstari gani. Najua tu kwamba kufika katikati nilikuwa nasikia viganja vya mpiga drams juu ya gunia kama vile viko ndani ya sikio langu, na hakuna mtu aliyekuwa anakohoa.

Tulipomaliza hawakupiga makofi mara moja. Walipopiga, walipiga wachache, na wale wachache hawakutaka kuacha. Wengine waliketi wamekunja nyuso kama watu waliosemwa. Kijana wa ile ya redioni alikuwa ameondoka. Wasichana wa shule waliokaa mbele walituomba turudie, tukakataa, kwa sababu mpiga drams alisema mara ya pili tungeharibu.

Mwalimu wa kwaya alikuja wakati nakunja waya. Kwa miaka yote ile nilikuwa na hotuba yangu kichwani, nimeipanga, nimeinoa, nimeisema peke yangu mbele ya mashine ya fotokopi. Alisimama mbele yangu nikaitafuta nisiione.

"Besi kazi yake ni kubeba wimbo," akasema. "Wewe umeuacha unaning'inia. Mimi sikukufundisha hivyo."

"Hukunifundisha," nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Nilikupa gita."

Mwimbaji alikuwa nyuma yangu, anavua viatu vya visigino. Alisogea, kiatu kimoja mkononi. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Wewe ndiye uliyemvua gita mbele za watu?"

Mzee akakohoa. "Ilikuwa ni utaratibu wa kwaya. Yule kijana alikuwa na…"

"Basi huna la kumwambia," akamkata. "Kumsema huyu ni kazi yangu. Ninamsema kila siku na sijamaliza. Sihitaji msaidizi."

Mzee yule aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akasema kitu kuhusu malezi ya siku hizi, akaondoka na vijana wake. Sikuona aibu yoyote usoni kwake. Natamani niandike kwamba niliiona.

"Usije ukanishukuru," mwimbaji akasema. "Amenikera tu."

"Sikuwa na mpango huo."

"Na pale katikati uliwahi kuingia. Uliona watu wanatoka ukaogopa."

Nilikuwa nimewahi. Kidogo sana, hata mpiga drams hakuligundua.

Kurudi Mbeya tulikaa kiti cha watu watatu, mpiga drams katikati. Hakuna aliyekumbuka, au aliyetaka kukumbuka, kwamba tulikuwa tumekubaliana kuachana. Kabla hatujafika Nyololo mwimbaji alisema, akiangalia dirishani, kwamba wiki ile kabla ya safari alikwenda Mwanjelwa kumwomba prodyuza aufute wimbo. Prodyuza alimpa soda, akamwita mama, akakataa. Wimbo ule bado unachezwa mpaka leo. Bado tunasimamishwa na watu wanaotusifia kwa kitu ambacho si chetu, na wakija kutusikia wengine hurudi wamekasirika, na sisi tunakasirika pia.

Igawa mpiga drams alishuka kwenda kuwaona watu wa kwao. Kaka yake alikuwa anamsubiri barabarani na pikipiki.

"Mkiuana kabla ya Mbeya," akatuambia akiwa mlangoni, "mnipigie nisihangaike kurudi."

Tukabaki wawili, kiti chake kiko wazi katikati. Basi likaondoka. Baada ya muda mwimbaji akaanza kuimba chini chini kiitikio kipya, cha haraka, alichokitunga kwetu akichambua maharage. Nilimwambia kinafaa tangazo la sabuni. Akasema nimwonyeshe kinaharibika wapi. Nikamwonyesha, nikigonga noti kwa vidole kwenye mgongo wa kiti cha mbele. Akasema nimekosea, nigonge tena. Nikagonga tena. Akasema hapo ndipo ninapokosea kila siku, na mimi nikamwambia asilete habari za kila siku, tulikuwa tunaongelea kiitikio. Abiria wa kiti cha mbele, baba mmoja mwenye kofia ya sufi, aligeuka akatuomba kwa heshima tunyamaze au tubadilishane viti na mtu. Mwimbaji akamwomba radhi. Kisha akanisogelea, akakaa kwenye kile kiti cha katikati ili asipaze sauti, na ubishi ukaendelea mpaka Uyole.